Darasa Lililomkubalia Mwalimu Kila Kitu

Kitendawili: mwanangu ana moto tumboni, lakini kila anapopita hupaacha pametulia. Ukishindwa usinipe mji, sina pa kuuweka. Nitakuambia mwenyewe: ni pasi. Nimeishika pasi tangu kifungua mimba wangu yuko mgongoni, na kifungua mimba huyo leo ni dereva wa lori la mizigo, ana mke, na ana binti anayeniita bibi.

Napiga pasi kwa dobi, kwenye chumba kirefu ambacho madirisha yake yako juu karibu na dari. Kuna meza nne, masinki mawili, na kamba zilizolemewa na mashati ya watu. Mchana hapo ni mvuke na sabuni. Jioni meza zile hugeuka madawati, kwa sababu mkaza mwana wangu, mke wa huyo dereva, alimwomba dobi chumba afundishe watu wazima Kiingereza. Dobi ni mtu wa maneno ya kupimwa kwa kijiko. Alisema, "Mradi msiguse mashati," akarudi kwenye masinki yake. Basi tukawa tunasoma chini ya mashati. Ukiinua macho kutafuta jibu, unakutana na mkono wa shati la mtu unaning'inia, kama nao unaomba nafasi ya kujibu.

Wanafunzi wengi walikuja wakatoroka. Waliobaki ni watatu, mafiga ya darasa. Wa kwanza ni fundi viatu, ambaye tunamwita Mzee Gundi, kwa ajili ya vidole vyake, na pia kwa sababu akianza kuzungumza nawe hubanduki. Wa pili ni Mama Vifungo, mwenye kibanda cha vifungo, zipu na nyuzi hapo nje. Wa tatu ni mimi. Mzee Gundi alitaka kusoma maandishi ya kwenye makopo yake. Mama Vifungo alitaka kupatana bei na wageni bila kuinua vidole. Mimi, nisiseme uongo, nilikuja ili mkwe wangu asikose wanafunzi. Nilisoma mpaka darasa la saba, na Kiingereza cha siku zile tulikiimba tu, hatukukisema. Lakini jioni moja nilisoma maneno ya kwenye mfuko wa sabuni nikayaelewa, na tangu hapo hakuna aliyehitaji kunibembeleza. Nilikwenda mwenyewe, tena mapema.

Jinsi mkwe wangu alivyoanza somo ilikuwa raha kuitazama. Sisi sote tulikuwa wakubwa kwake, kwa hiyo aliingia kama mtoto. "Shikamoo mama. Shikamoo baba. Shikamoo mama Vifungo." Tukaitikia marahaba, mmoja mmoja. Halafu akishika chaki tu, mambo yanageuka: sisi ndio tunasimama, tunamsalimia kama watoto wa chekechea, na yeye ndiye anatuambia tukae. Hakuna aliyetupangia hivyo. Ilitokea tu, ikatukaa vizuri.

Sasa sikiliza neno lililotuletea kisa. Ni "disagree." Mwalimu aliliandika ubaoni, na ubao wenyewe ulikuwa mlango wa kabati la zamani uliopakwa rangi nyeusi.

"Maana yake ni kutokubaliana," alisema. "Usiyekubaliana naye, unamwekea 'with.' Jambo lenyewe mnalotofautiana, mnaliwekea 'about.' I disagree with my brother about the house."

Mimi nililinasa kwa njia yangu: "with" inamshika mtu mkono, "about" inalizunguka jambo. Nilimwambia hivyo, akacheka, akasema maelezo hayo hata chuoni hakuyapata.

"I am disagree," alijaribu Mzee Gundi.

"Ondoa 'am,' baba. Kutokubali ni kitendo, unakitenda mwenyewe. I disagree."

"I disagree," alisema Mzee Gundi. Akafikiri, akaongeza sentensi nzima, kwamba kiatu hakikubaliani na mguu.

"Kiatu si mtu, baba."

"Mwalimu, wewe hujawahi kuvaa kiatu kinachobana. Kile ni mtu, tena ana ubaya."

Mama Vifungo naye akasema kifungo hakikubaliani na tundu kuhusu ukubwa. "With" ilikuwa pale, "about" ilikuwa pale, kila kitu mahali pake. Mwalimu alisugua paji la uso.

"Sawa kabisa, mama. Lakini nipeni watu. Nani hakubaliani na nani? Kwa mfano, wewe na jirani yako wa kibandani."

"Mimi na jirani yangu tunapatana," alisema Mama Vifungo haraka. Sote tulijua walivyokuwa wanagombania kivuli cha turubai. "Mbele za watu tunapatana."

"Mama, wewe?" Mwalimu akanigeukia mimi, kimbilio lake.

Nikasema pasi yangu haikubaliani na hariri.

"Hata wewe, mama," alisema, akaweka chaki chini.

Neno halikuwa gumu. Ugumu ulikuwa kwamba sisi tumelelewa kutolisema usoni mwa mtu. Tazama nyumbani kwetu. Tangu mkwe wangu alipoingia bibi harusi, hatujawahi kupandishiana sauti, na majirani hutusifu. Siri yake ni ndogo. "Haya" ya haraka ni ndiyo. "Haaaya" ya kuvuta ni tutaona. "Nimesikia" ni hapana iliyovaa nguo za kutokea. Na "nimesikia, mwanangu" ni hapana iliyovaa nguo za kutokea, viatu, na kilemba juu. Mkwe akiniambia, "Mama, miguu inavimba, si upumzike sasa na kazi ya pasi," mimi humjibu, "Nimesikia, mwanangu." Naye hufurahi, nami hufurahi, na asubuhi nakwenda zangu kupiga pasi.

Katika wiki hiyo hiyo ikaja habari kwamba mkaguzi wa elimu ya watu wazima atakuja kuangalia somo moja. Akiridhika, darasa letu litatambuliwa, na mkwe wangu ataajiriwa kufundisha hapo na mitaa ya jirani. Asiporidhika, darasa litafungwa. Na mkwe alikuwa ameshapewa nafasi nyingine, kwenye shule ya bweni katika mji wa mbali, ambako wangempa chumba cha kuishi na mtoto wake. Hakutaka kwenda. Aliniambia hivyo huku anamenya vitunguu, nikajua machozi yale si ya vitunguu peke yake. Lakini kazi ni kazi, na mtoto humfuata mama yake. Mwanangu barabarani yuko wiki nzima. Nilipoiwaza ile nyumba bila hao wawili, nikajikuta nimepiga pasi kola moja mpaka imeanza kunukia kuungua.

Kesho yake mchana Mzee Gundi alifunga sanduku lake la zana mapema, akaja na Mama Vifungo mpaka kwenye meza yangu.

"Jamani," alisema, "huyu mgeni anakuja kutafuta nini?"

"Makosa," alisema Mama Vifungo. "Mkaguzi na makosa ni kama kuku na kuchakura. Asipoyapata leo, kesho anarudi."

"Basi tusimpe. Mwalimu akisema lolote, sisi kauli moja: I agree with you, teacher. Akisema nyeupe?"

"Nyeupe," tukaitikia.

"Akisema nyeusi?"

"Nyeusi."

"Mwanafunzi akimpinga mwalimu mbele ya mgeni, mgeni atasema nini? Atasema huyu mwalimu hana heshima darasani."

"Umenena," nikasema. Kisha jambo likanijia. "Na lile neno la wiki hii?"

"Neno lipi?"

"La kutokubaliana."

Mzee Gundi alikuna kidevu kwa kidole cha gundi. "Hilo nalo," alisema, "tutalikubali tu."

Tukafanya mazoezi pale pale, sote watatu, mara kwa mara, mpaka dobi akasema kutoka kwenye mvuke, "Hata mimi sasa nimekubali. Nendeni mkafanye kazi."

Siku ikafika. Mkaguzi alikuwa mtu mzima, mkoba begani, mpole wa macho. Mkono mmoja wa shati lake ulikuwa na mistari miwili ya pasi badala ya mmoja. Macho yangu hayawezi kuacha jambo kama hilo. Nikajua aliyelipiga alikuwa na haraka, au hana mtu wa kumpigia. Nikamwonea huruma kidogo, halafu nikakumbuka amekuja kwa shari au kwa heri, hatujui. Alikaa nyuma, juu ya kreti, karibu na masinki.

Mwalimu aliingia, akatoa shikamoo zake, na ya mkaguzi akaongeza. Akashika chaki. Tukasimama mstari mmoja kama askari.

Sasa, yeye alikuwa amejiandaa. Aliona tunaogopa kutaja watu, kwa hiyo alipanga kutuambia mambo ya uongo mtupu, ya kuchekesha, ili tuyakatae kwa kicheko na neno litoke lenyewe. Ilikuwa hila nzuri sana. Lakini hakutuambia, na sisi hila yetu hatukumwambia. Kila upande ulikuja na kamba yake, tukafungana.

"Baba," alimwambia Mzee Gundi kwa Kiingereza, anatabasamu, "watu huvaa viatu kichwani. Unakubaliana nami?"

Mzee Gundi alinyanyuka, kifua mbele. "I agree with you, teacher."

Tabasamu la mwalimu likasita. Akamgeukia Mama Vifungo. "Shati halihitaji vifungo. Unakubaliana nami?"

Nilimtazama Mama Vifungo. Alikuwa na mlolongo wa sampuli za vifungo shingoni, anavyokaa nao kibandani, na mkono wake ulikwenda juu kuushika. Lakini ahadi ni deni. "I agree with you, teacher," alisema kwa sauti ndogo.

"Mama. Pasi baridi ndiyo nzuri kuliko ya moto."

Na mimi, mke wa pasi, nikasimama nikasema nakubaliana nawe, mwalimu. Nyuma ya kamba dobi alikohoa.

Mwalimu akaacha Kiingereza. "Wanafunzi wangu, mmenielewa nilichosema?"

"Ndiyo, mwalimu," kwa sauti moja.

"Viatu vinavaliwa kichwani?"

"Mwalimu akisema," alijibu Mzee Gundi kwa adabu kubwa.

Mkaguzi aliinua kichwa. "Samahani, mwalimu. Neno la somo la leo ni lipi?"

"Disagree," alisema mkwe wangu.

"Ahaa. Bado sijalisikia kwa mwanafunzi." Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo paliponiuma. Mtu akikusema kwa ubaya utapata pa kumkasirikia. Akatoa kalamu.

Mkwe wangu akageuka akaanza kufuta ubao. Ubao ulikuwa umeshafutwa. Nimekaa naye nyumba moja miaka, namjua: akitaka kulia hufuta kitu kilicho safi, meza, sufuria, hata uso wa mtoto. Nikamtazama Mzee Gundi. Yeye alikuwa bado amenyoosha mgongo, anaona tumeshinda.

Mwalimu akageuka. "Tuanze upya," alisema. "Kwanza nitasema jambo la kweli, mtu akubaliane nalo. Halafu nitasema lisilo kweli. Mtaona tofauti." Akanitazama mimi, kwa macho ya mtu anayetafuta pa kushika asianguke, akasema kwa Kiingereza, taratibu, kila neno likiwa peke yake: "Mama mkwe wangu anafanya kazi hapa. Amechoka. Mwezi huu ukiisha ataacha kazi apumzike nyumbani. Yeye mwenyewe anataka kupumzika. Mama, do you agree with me?"

Nilielewa neno kwa neno. Na hilo ni la kumshukuru: alinifundisha vizuri mpaka nikaweza kufuata mwenyewe anavyonistaafisha.

Nikasimama. Nakuambia, safari ya kutoka kwenye kiti mpaka kusimama ilikuwa ndefu. Huku kulikuwa na ahadi yangu na wenzangu. Huku kulikuwa na mgeni: mama mkwe akimpinga mkaza mwana mbele yake atasema nini, si atasema nyumba ile inawaka moto? Na huku kulikuwa na kazi yangu, meza yangu ya karibu na mlango, harufu ya kitambaa kinaponyooka. Mkwe wangu hakuwa anasema uongo. Aliamini. Nilimwambia nimesikia, akaamini nimekubali, na pengine ameshazungumza na dobi.

"Kauli moja, dada," alininong'oneza Mzee Gundi.

Kama ingekuwa kwa Kiswahili ningepata pa kujifichia. Kiswahili changu kina vyumba vingi, naweza kuingia mlango huu nikatokea ule. Lakini Kiingereza changu ni chumba kimoja, hakina pazia. Nilikuwa na neno moja tu la kufaa, na ni yeye aliyenipa.

"Teacher," nikasema, "I disagree with you about my work."

Kalamu ya mkaguzi ikasimama.

"I want to iron," nikaongeza, maana nilihofia hawajanielewa.

Mkwe alisahau darasa. "Mama, si uliniambia umesikia?"

"Nilisikia, mwanangu. Sikukubali."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema. Nimesikia ndiko kusema kwenyewe."

Kutoka kwenye kamba kikatoka kicheko ambacho hatukuwahi kukisikia. Alikuwa dobi.

"Tafadhali," alisema mkaguzi, na kalamu alikuwa ameilaza, "endeleeni kwa Kiingereza."

Basi ikabidi tugombane kwa Kiingereza. Nitakuandikia kwa Kiswahili, maana Kiingereza chetu kilikuwa na mabaka. Mkwe alisema hakubaliani nami kuhusu miguu: imevimba, anaiona kila jioni. Nikasema miguu ni kweli, hapo nakubaliana naye. Lakini mikono haijavimba, nipewe kiti kirefu, kola na mikono ya shati naweza kupiga nimekaa. Akasema hajafikiria kiti. Nikasema hajaniuliza. Akasema, "Nimekuuliza!" Nikasema aliniambia, hakuniuliza. Akaitikia kwa kichwa polepole, akasema "I agree," na hiyo ndiyo ilikuwa ya kwanza ya kweli siku ile.

Hapo Mzee Gundi alishindwa kujizuia. Alinyanyuka akasema hakubaliani na dada kuhusu kiti. Kukaa ni kubaya. Yeye amekaa maisha yake yote, mtazame mgongo. Akageuka tuutazame.

"I disagree with you about the back," alisema Mama Vifungo. Kwa maelezo yake, mgongo wa Mzee Gundi umeharibiwa na kusinzia juu ya sanduku la zana baada ya chakula cha mchana, kila mtu humwona. Halafu akamgeukia mwalimu, ameshika vifungo vyake, na neno lililokuwa limemkaba tangu mwanzo likatoka: "Na wewe, mwalimu, I disagree with you about the shirt. Shati linahitaji vifungo. Sana."

"Na viatu ni vya miguuni," alisema Mzee Gundi. "Nilikubali kwa heshima tu."

Mkwe wangu alikaa juu ya meza ya pasi, akafunika uso kwa mikono yenye chaki. Mabega yalikuwa yanatikisika. Nikainuka nimwendee, kumbe anacheka.

Mkaguzi alituacha tukatulia. Kisha akatuuliza, mmoja mmoja, tumwambie sentensi zetu tena, na "with" yake na "about" yake, na hakuna aliyekosea, maana sasa kila mtu alikuwa na mtu wa kumwekea. Baada ya hapo akauliza, "Nielezeni. Kwa nini mwanzoni mlikubali kila kitu?"

Tukatazamana. Mzee Gundi ndiye aliyejitwika. "Tulikuwa tunamlinda mwalimu wetu."

"Mlikuwa mnamzamisha."

"Tulimshika wote kwa pamoja, mheshimiwa. Pengine ndiyo maana akazama."

Mkaguzi akamgeukia mkwe wangu. "Na umewafundishaje kupingana hivi bila kununiana?"

Angeweza kujisifu. Nilimwombea ajisifu. Lakini alisema, "Kusema kweli sijui. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Mkaguzi akacheka, akatia kalamu mfukoni. "Maandishi yatafuata utaratibu wake," alisema. "Lakini nilichokuja kutafuta ni watu wanaosema, na nimewasikia. Nimeambiwa una nafasi nyingine huko mbali. Kama umefunga mizigo, ifungue."

Mzee Gundi alisema kwa Kiingereza kwamba hapo anakubaliana na mgeni, na mgeni akampa mkono, na nafikiri gundi iliwachelewesha kuachana.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na yeye, jua likiwa bado juu ya paa za nyumba. Alinishika mkono kuvuka barabara kama kawaida, lakini hakunitazama. Nikaona heri niulize.

"Umenikasirikia?"

"Hapana, mama." Tukapita duka la mikate. "Ndiyo. Kidogo."

"Nimesi..." nilianza, nikalimeza. "Haki yako," nikasema.

"Nimwambie dobi nini? Nilishamwambia unaacha."

"Mwambie kiti."

Tukatembea tena. Akauliza, "Kuna kitu gani kingine ulichosikia?"

Sikutaka kusema. Lakini siku ilikuwa imeshaanza hivyo, nikaona maji nimeyavulia nguo. "Lile godoro laini uliloniletea," nikasema.

"Lina nini?"

"Zuri sana. Mimi hulala kwenye mkeka pembeni yake. Asubuhi nalitandika."

Alisimama katikati ya njia, mwendesha baiskeli akampigia kengele. "Tangu lini?"

"Tangu lilipoingia."

Alinitazama, mdomo wazi. Halafu akasema, "Basi na mimi ninalo. Nikuambie?"

Niliogopa, nisikufiche. Ni rahisi kutoa. Kupokea ndiko kazi. Nikamwambia aseme.

"Nikiweka chungu jikoni, nikigeuka, unaongeza chumvi."

"Ulikuwa unaona?"

"Tangu nilipoolewa, mama. Mwanzo iliniuma. Halafu nikaamua: siku hizi napika bila chumvi kabisa, kwa sababu najua utapita. Ile wiki ulipokwenda kumuuguza shangazi, baba yake mtoto alirudi safari, akala, akanitazama, akasema, mke wangu, leo kumetokea nini?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta wa watu. Naye alicheka. Miaka yote hiyo majirani wametusifu, na chungu kimoja kilikuwa kinatungoja tuseme ukweli. Lakini nilipomaliza kucheka nikaona kitu kingine. Huyu binti aliumwa na jambo, hakunirushia, hakumsemea mumewe. Aliacha pengo kwenye chungu chake mwenyewe ili mkono wangu upate kazi. Ni wangapi wamepata mkwe wa namna hiyo? Nikamwambia, "Ahsante, mwanangu."

"Leo napika na chumvi yangu," alisema. "Wewe utakaa."

Nikakaa. Mjukuu alipanda mapajani pangu, na nilifurahi kwa hilo, maana alinishikia mikono. Mkwe alikaanga vitunguu, akamimina maji, akafungua kopo la chumvi, na akageuka makusudi, mgongo kwangu, kwa muda mrefu. Sikuinuka. Chakula kikaja mezani, mvuke unapanda. Akanipakulia mimi kwanza, kama anavyofanya siku zote, akasubiri.

"Unaonaje, mama?"

Nikaonja. Nikaonja tena ili nisidhulumu.

"Chumvi imepungua," nikasema.

Akaonja yake, akatafuna taratibu, ananitazama. Mtoto naye akatutazama, huku na huku, kijiko hewani.

"Mimi sikubaliani nawe," alisema mkwe wangu. "Imekaa sawasawa."

Alilisema usoni mwangu, mezani pangu, kwa Kiswahili, bila pazia wala kilemba. Kopo la chumvi akaliacha pale lilipo, jikoni. Nikavuta sahani yangu karibu, nikala chote.